Jemadari Asiyeshuka Kilimani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumapili, 19 Januari 2025

Mjomba Kitwana,

Shikamoo. Sisi hapa wazima. Mama anakwenda Feri kukaanga samaki kama kawaida, ila mguu wa kushoto unamsumbua akisimama sana. Paka wa uani amezaa ndani ya ile spika mbovu, watoto watatu, na mmoja hana mkia. Natumaini ulifika Masasi salama na Bibi hajambo kuliko ulivyotuambia.

Leo ni siku ya tisa tangu uondoke. Nimekupigia simu mara kumi na moja. Unanijua mimi na simu: hata mara moja tu, naandika kwanza kwenye karatasi nitakachosema. Kwa hiyo naona nirudi kwenye njia yetu ya zamani. Nilipokuwa na miaka tisa na siongei na mtu yeyote isipokuwa mama, ni wewe uliyenipa daftari ukasema, "Usipotaka kusema, andika, upitishe chini ya mlango." Basi napitisha. Ni mlango tu umekuwa mbali.

Vita vya vizibo vya soda vipo palepale ulipoviacha, kona ya nyuma ya banda letu la video. Sifagii pale. Siku za kazi nafunika kwa mkeka. Vizibo vyote nimevihesabu na kuandika vilipo, ili ukirudi mtu asiseme vimesogezwa: vyekundu vya Nurdin mia na tisini, vya kijani vya Anaeli mia mbili na kumi na vinne. Kila kizibo bado kina mkwaruzo wa kuonyesha askari ametazama wapi. Mto wa chaki umefifia nikauchora upya.

Walikuja wote leo saa nane. Nurdin aliacha cherehani yake na suruali ya mtu haina pindo. Anaeli alifunga duka la mabegi mapema. Wanasema wametimiza sharti lako: waliona sehemu ya tatu ya filamu ya "Ngome ya Mto Mweusi", wakapigana vita vyake upya sakafuni Jumapili tatu, wamemaliza. Sasa wanadai sehemu ya nne. Nikawaambia mjomba atarudi baada ya mwezi. Anaeli akaniuliza, "Alikuambia yeye, au unakisia?"

Hukuniambia wewe. Aliniambia mama, akiwa amenipa mgongo.

Matokeo ya kidato cha nne yanatoka wiki hii. Utarudi lini?

Mpwa wako,
Zulekha


Masasi
30 Januari 2025

Mpwa wangu Zulekha,

Marahaba, na nyingine uweke akiba. Bibi yako anaendelea vizuri, anatafuna muhogo wa kuchoma kwa meno yaleyale manne na kuwashinda wenye thelathini na mawili. Anakusalimu. Mvua huku ni za kutosha. Mwambie mama yako mguu aukande kwa maji ya chumvi, na paka asihamishwe. Ile spika haijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Simu yangu ilidumbukia kisimani nikichota maji. Usicheke. Kwa hiyo tutaandikiana. Barua zako mpe mama yako, yeye ana kondakta wa basi anayemfahamu, na za kwangu zitarudi kwa njia hiyohiyo. Usihangaike na posta.

Waambie mabwana vita wangu wawe na subira. Jeshi linalosubiri linapumzisha farasi. Sehemu ya nne ipo kwenye flashi ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Usilifungue, Zulekha. Usimpe mtu. Filamu isiyo na sauti ya Kiswahili ni watu wanaokimbia tu.

Na Jemadari Kilima je, bado wanamzomea? Waache. Mtu anayesimama juu ya kilima na wapiga mishale mia tano, bwana wake anakatwa vipande bondeni na yeye hashuki, amestahili kuzomewa. Nilisema amenunuliwa, na amenunuliwa.

Matokeo yameshatoka. Niandikie daraja gani. Sitalala mpaka nijue.

Mjomba wako,
Kitwana


Kariakoo
Jumapili, 9 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mguu umepungua maumivu. Yule mtoto wa paka asiye na mkia Nurdin amemchukua, anamlaza kwenye kikapu cha vitambaa. Joto la hapa unalijua, banda ni kama tanuri, lakini watu wanakuja.

Kuhusu matokeo: nimeyaona. Nitakuambia kwa mdomo. Pale Masasi simu zipo kwa watu wengine, azima moja, dakika mbili zitatosha. Siandiki.

Kuna jambo limetokea. Wiki iliyopita walichoka kusubiri, wakaniomba niwawekee tena sehemu ya tatu ili wahakikishe jeshi la farasi lilitokea upande gani wa mto. Sharti halikatazi kurudia ya zamani. Kwa kuwa hupo kwenye maiki kututafsiria, sauti ya filamu yenyewe ilisikika. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Siku zote uliipunguza.

Wewe unajua wanavyotazama. Mama akitazama filamu anatafuta nani analia. Hawa wanatazama miguu. Wanatazama mto upo kushoto au kulia, vumbi linatoka wapi, nani kalala bila kuvua viatu. Anaeli aliwahi kuniambia kwa nini anapenda vita vya Wachina wa kale kuliko mpira. Alisema mteja akiondoka dukani bila kununua, hujui ulikosea wapi, lakini jemadari aliyeshindwa miaka elfu mbili iliyopita unamrudisha kwenye sakafu, unampa vizibo vyake, unamuuliza, "Haya, ungefanyaje?"

Basi yule mjumbe akafika kwa mfalme akasema neno. Anaeli akanyoosha mkono. "Simamisha. Hapo kasema elfu tatu."

"Kichina umejifunzia wapi wewe?" Nurdin akauliza.

"Guangzhou, kaunta. Nina namba zote na 'punguza bei'. Mengine sijui. Lakini kwenye namba hawanipati."

"Kitwana alisema elfu kumi."

"Kitwana hajawahi kununua hata begi moja Guangzhou."

Wakacheka, halafu hawakucheka tena. Kwa sababu Nurdin alikuwa amepanga vizibo vyake kwa elfu kumi, Mjomba, na Jumapili zote tatu alishindwa kwa kukosa nafasi ya kuwapitisha kwenye kivuko. Akakaa chini kwenye saruji akavitazama. Akasema taratibu, "Nimepigana na mdomo wa mtu."

Kisha akaomba nirudishe pale kwa Jemadari Kilima. Tukasimamisha picha. Nurdin akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Tazama nyuso za askari wake," akasema. "Wametupa mgongo."

"Wanakimbia," Anaeli akasema.

"Anayekimbia hubeba upinde begani. Hawa wamevuta kamba. Kuna kitu nyuma ya kile kilima."

Nikageuza mikwaruzo ya vizibo vya Kilima kama walivyoniambia. Vyote sasa vinatazama ukutani. Inaonekana ajabu, na tangu siku hiyo siwezi kuviangalia bila kufikiri.

Mjomba, je, unajua Kichina?

Zulekha


Masasi
6 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Ramadhani karimu kwako na kwa mama yako. Nimechelewa kukujibu, shamba lilinishika. Mwandiko utaona umelegea, naandikia gotini. Bibi anafunga, anasema yeye saumu haimpigi, inampiga anayemwangalia. Anakusalimu sana.

Umeniuliza swali mbele ya mwezi mtukufu, kwa hiyo nitakujibu. Sijui Kichina. Sijawahi kukijua. Filamu nyingi huja na maandishi ya Kiingereza chini, na Kiingereza changu cha bandarini kinanitosha kufika nyumbani. Sehemu ya kwanza na ya pili zilikuwa nayo. Ya tatu ikaja bila hata herufi. Siku hiyo banda lilikuwa limejaa, watu sitini, wengine wamekaa juu ya ndoo. Ningefanyaje? Nikawasha maiki. Nikawatazama wale watu wa kwenye kioo nikawapa maneno niliyoona yanawafaa. Elfu kumi ilisikika vizuri kuliko elfu tatu.

Na Kilima. Nilimwona mtu mzima amesimama, wenzake wanakufa, hasemi. Dakika nzima hasemi. Dakika moja ya kimya ni ndefu mno kwa mtu wa kazi yangu, Zulekha. Ilinibidi niijaze. Nikajiuliza, anayenyamaza wakati kama huu atakuwa nani? Nikasema amenunuliwa. Ukumbi ukazomea mpaka mabati yakatikisika. Baada ya pale ungewaambia nini, kwamba umekosea?

Nurdin anaweza kuwa sahihi. Mwambie nimesema hivyo. Usimwambie mengine.

Simu siwezi. Mtandao wa huku ni wa kupanda mtini. Niandikie matokeo, nakuomba. Mimi ni mtu wa kuombwa, si wa kuomba, na hii ni mara ya pili.

Kitwana


Kariakoo
Jumapili, 16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Saumu inakwenda salama. Mama mzima.

Nimeanza barua hii mara nne. Unajua kwamba siwezi kugombana na mtu, lakini nisipoandika nitaendelea kukuwazia vibaya kimyakimya, na hiyo naona ni mbaya zaidi.

Barua yako ya tarehe sita mama alinipa tarehe saba, asubuhi. Redio ilikuwa imetangaza kwamba barabara ya kusini imekatika kwa mafuriko tangu tarehe nne. Mabasi yalilala njiani siku tano. Niliuliza kwa wakala wa tiketi, nikiwa nimeandika swali langu kwenye kiganja. Hakuna basi hata moja lililoingia kutoka Masasi wiki ile. Nilipomwambia mama, alisema, "Soma barua, usisome bahasha."

Hilo ni la kwanza. La pili ni Bibi. Alipiga Alhamisi, mama alikuwa anaoga, nikapokea. Bibi akasema, "Wajukuu wa mjini mmenisahau. Na huyo Kitwana ni mzima? Mwambie tangu Idi ya mwaka jana sijaona hata kivuli chake." Nilisema nitamfikishia. Basi nimekufikishia.

La tatu sitaki kuliamini. Nurdin amesikia kwamba kuna banda Tandika linatangaza sehemu ya nne, na msimulizi ni mtu mzoefu kutoka Kariakoo. Anaeli akasema, "Si nilisema? Ameenda anakolipwa vizuri." Nurdin alimkatalia, lakini bila nguvu. Wiki hii wamekuja sita tu. Mmoja alikanyaga vita kwa makusudi akipita, sikuthubutu kumwambia kitu. Nilipiga magoti nikarudisha vizibo kwa kufuata daftari langu, mpaka magharibi.

Kwa hiyo hupo Masasi. Sijui upo wapi. Sikuulizi habari za kazi wala maiki. Nataka kujua kitu kimoja tu: unarudi kwetu au hurudi? Kama hurudi, niambie, nifagie ile kona. Lakini usiniandikie tena salamu za Bibi.

Nimelishusha kopo la biskuti. Sijalifungua. Lipo mbele yangu.

Zulekha


19 Machi

Zulekha,

Sipo Tandika. Sijauza kitu kwa mtu, na nisingefanya hivyo hata kama ningeweza.

Kopo lirudishe juu ya kabati. Usimuulize mtu tena habari za mabasi. Na usimfuate mama yako. Nakuomba hilo kuliko yote.

K.


Kariakoo
Jumapili, 30 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo watu wanasubiri mwezi, huenda kesho ikawa Idi. Mama ananiambia nipike maandazi machache, nami najua kwa nini machache. Mtoto wa paka wa Nurdin ameanza kucheza na vizibo, tumelazimika kuweka mlinzi.

Uliniandikia nisimfuate mama. Nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama, nikakaa. Kwa sababu sikuwa nimesema popote kwamba nitamfuata mama, Mjomba. Barua yangu yote ilikuwa mabasi na Bibi na Tandika.

Nilifanya kama wanavyofanya wao. Nilichukua chaki nikachora sakafu nyingine, upande wa jikoni. Nikaweka kizibo kwa kila kitu ninachokijua bila maneno ya mtu. Kizibo cha simu isiyopokelewa. Kizibo cha barua inayofika siku moja wakati barabara imekatika. Kizibo cha mwandiko uliolegea mwezi wa tatu na haukuwa umelegea mwezi wa kwanza. Na kizibo kimoja nilichokuwa sijakuambia: chupa ya chai.

Tangu mwezi wa pili, kila siku saa sita mchana, mama anatoka na chupa ya chai imejaa uji mwepesi, uliochujwa mara mbili. Kabla ya Ramadhani niliona ni kawaida. Lakini Ramadhani imeingia, mchana wa saumu, na mama bado anabeba uji wa moto. Nilimuuliza. Alisema ni wa Scholastika, anayekaanga naye samaki, kwamba yeye Mkristo na tumbo linamsumbua. Nikamsubiri Scholastika alipopita kuchukua ndoo zake. Akasema, "Uji? Mimi? Mwanangu, uji niliuacha nilipomaliza arobaini ya mtoto wa mwisho."

Kisha nikageuza mikwaruzo yote itazame kule inakotazama. Vyote vilitazama Upanga, upande wa hospitali, njia anayoshika mama akiwa na ile chupa.

Nisamehe, nilimfuata. Alivuka barabara kubwa akaingia kwenye yale maghorofa ya nyuma ya hospitali. Nilisimama nyuma ya bajaji. Mlikuwa kwenye baraza ya chini. Ulikuwa umefunga kitambaa cheupe shingoni na umekonda. Mama alikuwa anasema na wewe ulikuwa unamjibu kwa kuandika kwenye daftari, unang'oa karatasi, unampa. Alicheka kwa kitu ulichoandika. Nilisubiri nisikie na wewe unacheka. Mabega yako yalitikisika, lakini sikusikia kitu.

Nikarudi nyumbani. Sikumwambia mama. Nililia uani mpaka paka akaja.

Mjomba, nilikuomba sauti tangu mwezi wa pili. Nilikunyima matokeo ili uniongeleshe. Sijui kama utanisamehe hilo. Daraja la pili, pointi kumi na tisa. Kiswahili nimepata A. Nilipaswa kukuandikia siku ileile.

Mimi pia nilikutazama umenyamaza, nikakupa maneno. Nikasema amenunuliwa.

Sasa la mwisho. Nimefungua kopo. Nimeitazama sehemu ya nne peke yangu, mara tatu. Nayo haina herufi. Lakini Nurdin alikuwa sahihi. Nyuma ya kilima kuna kivuko kidogo, na wanawake na watoto wa ngome nzima wanavuka. Farasi wa adui wanakuja kwa upande ule. Kilima alikuwa anawazuia. Angeshuka kumwokoa bwana wake, wale wote wangekufa. Hakumweleza mtu kwa sababu hakukuwa na nafasi, au kwa sababu nyingine unayoijua wewe zaidi. Mwishoni analetwa mbele ya mfalme mpya, anaulizwa jambo, na anatazama tu chini. Ni muda mrefu. Dakika nzima na sekunde ishirini.

Jumapili ijayo, tarehe sita, saa nane, nitaiweka. Nimewaambia Nurdin na Anaeli. Anaeli atanishika mkono kwenye namba. Mengine nitasema mimi kwenye maiki, nimeandika yote kwenye daftari, kurasa arobaini na mbili. Sikuombi ufanye chochote. Kuna kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, gizani, na hakuna atakayekuongelesha. Nimewaambia watu kwamba siku hiyo ukumbini hakuna kuuliza maswali.

Usipokuja nitaelewa. Barua hii ninampa mama, na nitamwambia hakuna haja ya kondakta.

Zulekha


Upanga
7 Aprili 2025

Zulekha wangu,

Marahaba. Naandika kutoka Upanga, kama unavyoona. Bibi yako hakusalimu, kwa kuwa hajui lolote, na nitamwandikia mwenyewe kesho na kumwomba radhi kwa salamu zote nilizomsingizia.

Kilichokuwa kooni kwangu walikitoa mwezi wa pili, na sauti ikaenda nacho. Wanasema nitapona. Sauti hairudi. Nilitaka wewe uwe wa mwisho kujua, si wa kwanza, kwa sababu ya miaka yote ile uliyokuwa husemi na watu nikakuambia, "Tulia, mimi nitasema kwa niaba yetu wote wawili." Sikujua nitakuja kwako na uso gani. Mama yako alinigombeza kila siku na huo uji wake.

Nilikuja jana, uliniona au hukuniona. Niliingia taa zilipozimwa. Hukunitazama, na ulifanya vizuri.

Sasa nisikilize, maana hii ni kazi na mimi ni fundi. Mwanzoni ulikuwa unasoma kama mtu anayesoma risala. Ulishika maiki karibu mno, kila "p" ilikuwa bunduki, na wale hawakuwa na bunduki. Kwenye kivuko ulikwenda mbio. Waache farasi wanywe maji. Anaeli alikushika mkono mara tano, na mara ya tatu namba ulikuwa umeshaisema sawasawa, alikuwa anajionyesha tu. Kuanzia pale wanawake wanapoingia mtoni uliacha kutazama daftari. Uligundua? Mimi niligundua. Sitini walikuwepo, nikawahesabu kwa migongo, na hakuna aliyejikuna.

Kisha akaletwa Kilima mbele ya mfalme. Nilijua dakika ile inakuja. Nikashika kiti. Mimi pale ningesema. Miaka kumi na tisa kwenye maiki sijawahi kuacha mtu anyamaze. Ningempa kiapo, ningempa machozi, ningempa mama mzazi kijijini. Nikakusubiri uanze.

Hukusema kitu. Uliweka maiki mezani. Nilisikia ilivyogusa mbao.

Na ukumbi wote ukamwangalia yule mzee amenyamaza. Wale waliomzomea kwenye sehemu ya tatu. Hakuna aliyeguna. Karibu na mwisho Nurdin alivua kofia. Alikuwa kiti cha mbele yangu, hakugeuka, ila aliingiza mkono mfukoni, akaupitisha nyuma, akaniwekea kitu kiganjani. Kizibo cha Jemadari. Kumbe alijua nimeingia tangu mlangoni. Ninacho hapa. Mkwaruzo wake nimeuelekeza Kariakoo.

Daraja la pili ni zuri. A ya Kiswahili nilishaisikia jana.

Mwambie mama yako uji wa kesho apunguze sukari. Na uulete wewe. Njoo na daftari, mimi ninalo langu.

Mjomba wako,
Kitwana